Meli ya Seyyid Said New York, 1840: farasi wa Rais, majora ya merikani na karatasi ya kasha la bibi

"Shikamoo mwalimu. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu inazunguka sauti inayosema mwaka 1840 Sultani wa Zanzibar alipeleka meli ya watumwa New York, akamhonga Rais wa Marekani kwa farasi na lulu, na kwa njia hiyo Marekani ikaandikiwa mkataba wa kupewa Zanzibar. Baadaye Sultani alipogeuka, wakaupiga mji mizinga. Wazee wetu wa Tanga nao wanasema baba yake babu alikuwa baharia katika meli hiyo, na ndani ya kasha la bibi kuna karatasi kuukuu yenye chapa ya tai. Mwanangu yuko kidato cha tatu, anataka kuyaandika haya kwenye kazi ya historia. Kipi ni kweli? Na karatasi tuifanyeje? Binamu yangu anataka kuipeleka ikafanyiwe laminesheni."

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote mpigie binamu yako simu, mwambie laminesheni isubiri. Sababu nitaitoa nikifika kwenye karatasi.

Nikikusoma vizuri, una hofu mbili. Moja ni kwamba mtoto ataandika uzushi achekwe darasani. Nyingine, ambayo hukuisema waziwazi, ni kwamba nitawaambia wazee wako babu yao hakwenda New York. Ya kwanza ni nyepesi. Kwa ya pili nitakuwa mpole, ila sitakudanganya.

Aliyeirekodi sauti hiyo hakutunga kila kitu. Alichofanya ni kutia visa vinne katika chungu kimoja na kuvikoroga. Meli ilikuwepo, farasi walikuwepo, lulu zilikuwepo, mkataba upo mpaka leo unasomeka, na mizinga nayo ilikuwepo, ila si hapo alipoiweka.

Tuanze na mkataba, kwa sababu ndio uliotangulia. Mwaka 1827 mfanyabiashara mmoja wa Portsmouth, New Hampshire, aitwaye Edmund Roberts, alifika Unguja na shehena yake, akakuta biashara inakwenda polepole kuliko alivyotaka na wanunuzi wakubwa ni watu wa Sultani mwenyewe. Alimlalamikia Seyyid Said, Sultani wa Maskati (Omani) na Zanzibar, uso kwa uso. Aliporudi kwao akamwandikia rafiki yake Levi Woodbury, mwanasiasa wa jimbo lake, kwamba Marekani inahitaji mkataba na Maskati. Bahati ikamwangukia: Woodbury akawa waziri wa jeshi la majini katika serikali ya Rais Andrew Jackson. Mwaka 1832 Roberts akatumwa kwa siri, ndani ya manowari iitwayo Peacock, akiwa ameandikishwa kama karani wa nahodha ili washindani wa kibiashara wasijue shughuli yake. Akatia saini na mfalme wa Siam (Thailand ya leo) mwezi Machi 1833, kisha na Seyyid Said huko Maskati tarehe 21 Septemba 1833.

Kwa nini walijisumbua hivyo? Hesabu ya meli za miaka hiyo inajibu. Tangu Septemba 1832 mpaka Mei 1834 ziliingia Unguja meli 41 za kigeni. Kati ya hizo 32 zilikuwa za Marekani, na 20 katika hizo zilitoka mji mmoja tu, Salem, bandari ndogo ya Massachusetts ambayo hata Wamarekani wengi leo hawajui kuionyesha kwenye ramani. Waingereza walikuwa na saba.

Na mkataba ulisema nini? Kwamba Wamarekani watalipa forodha asilimia 5 ya mzigo wanaoushusha, basi. Kwamba watauza na kununua na yeyote wampendaye, isipokuwa bunduki na baruti, ambazo katika kisiwa cha Unguja zitauzwa kwa serikali ya Seyyid peke yake. Kwamba watakuwa na konsuli wao, yaani mwakilishi wa serikali yao, na Wamarekani wakigombana wao kwa wao, konsuli ndiye atakayeamua. Na kipo kifungu kimoja nikipendacho: mabaharia wa Kimarekani wakivunjikiwa na chombo katika pwani za Sultani, watatunzwa na kulishwa kwa gharama ya Sultani mwenyewe, bila kudai fidia.

Hakuna neno hata moja la kukabidhi nchi. Lakini nisiutetee kupita kiasi. Hicho kipengele cha konsuli kuwa hakimu wa watu wake kilikuwa mlango, na Waingereza waliofuata kwa mkataba wao wa 1839, kisha Wafaransa mwaka 1844, waliupitia mlango huohuo. Marekani yenyewe haikuwa na hamu ya kutawala huku, ilitaka pembe na sandarusi (utomvu mkavu wa mti) kwa bei nzuri. Seyyid Said naye hakuwa mtoto. Alikuwa anahamishia makao yake Unguja, karafuu zinaanza kuzaa, na alihitaji wanunuzi zaidi ya Waingereza peke yao. Kwa maoni yangu, kati ya wawili hao yeye ndiye aliyekuwa mfanyabiashara hodari zaidi.

Kifungu cha mabaharia kilijaribiwa mapema. Septemba 1835 Roberts alikuwa anarudi na ile ile Peacock, amebeba hati zilizoidhinishwa, manowari ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira, pwani ya Omani. Walitupa baharini sehemu ya mizinga ili chombo kielee. Roberts akashuka kwenye mashua ndogo, akaenda Maskati kuomba msaada. Seyyid alituma chombo na chakula, na baadaye watu wake wakaizamia ile mizinga, wakairudisha. Kumbuka kisa hiki, kitarudi.

Sasa tufike New York. Februari 1840 meli ya Seyyid iitwayo Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka 1833, iling'oa nanga Unguja. Mkuu wa safari alikuwa Ahmad bin Naaman, katibu wa Seyyid. Tarehe 30 Aprili ikaingia New York, meli ya kwanza ya Kiarabu kuonekana katika bandari ile, watu wakajazana gatini kuitazama. Ahmad alichorwa picha ya rangi na mchoraji Edward Mooney, na picha hiyo iko Salem hadi leo katika jumba la makumbusho la Peabody Essex. Amevaa kilemba, uso umetulia, wala haonyeshi kushangazwa na chochote.

Meli ile ilibeba nini? Hati ya shehena inajulikana: magunia 1,300 ya tende, mazulia ya Kiajemi, kahawa ya Mokha, pembe za ndovu 108, masanduku 81 ya sandarusi, magunia 135 ya karafuu na ngozi 1,000 zilizokaushwa. Watumwa wa kuuza hawamo, na wasingeweza kuwamo. Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje tangu 1808. Tangu 1820 sheria yake iliihesabu biashara hiyo kuwa uharamia, na adhabu yake kifo. Jimbo la New York lenyewe lilikuwa limefuta utumwa mwaka 1827. Kumshusha mtumwa wa kuuza pale gatini mchana kweupe ingekuwa kujitia kitanzi, tena mbele ya waandishi wa magazeti.

Nadhani najua uzushi ulipozaliwa. Agosti 1839, miezi minane tu kabla ya Sultana, chombo kiitwacho Amistad kilikamatwa karibu na New York kikiwa na Waafrika waliokuwa wamewaasi waliowateka. Kesi yao ilikuwa inaunguruma mahakamani wakati Ahmad bin Naaman anatembezwa mjini, na ikaamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani Machi 1841, wakaachwa huru. Meli mbili, Waafrika, New York, mwaka uleule karibu. Mtu akisoma haraka zinamchanganyikia.

Lakini hapa mtoto wako asikimbilie kuandika "utumwa haukuhusika." Hapo ndipo kazi yake inaweza kuwa nzuri kuliko za wenzake. Karafuu zile zilichumwa na watumwa wa Unguja. Pembe zilitoka bara kwa misafara. Wapagazi wengine, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru wa kulipwa, wengine hawakuwa huru. Na Sultana ilipogeuza ilirudi na nini? Nguo nyeupe nzito ya pamba, ile ambayo bibi yako bila shaka aliiita merikani. Jina lenyewe linakwambia ilikotoka. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kwa pamba iliyolimwa na kuchumwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani. Ikifika Unguja ikawa fedha: kwa majora ya merikani msafara ulilipa hongo njiani (hapa maana yake ushuru wa kupita), ulinunua pembe, na ulinunua watu pia. Kwa hiyo pamba iliyochumwa na mtumwa wa Georgia au Alabama ilivuka bahari mbili ikaja kumnunua mtu katika nchi za Maziwa Makuu. Konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, aliyefika Unguja mwaka 1837, alikuwa mtu wa dini aliyeuchukia utumwa kwa moyo wake wote, na riziki yake yote ilitoka katika mnyororo huo. Sijui kama kuna mwalimu wa kidato cha tatu atakayemnyima alama mtoto aliyeliona hilo.

Biashara hiyo iliuawa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865. Pamba ya kusini ikafungiwa, majora yakaadimika na kupanda bei, Waingereza na viwanda vya Bombay wakaingia kwa kasi. Salem haikurudi tena ilipokuwa. Neno likabaki kwetu, kitambaa kikaja kutoka kwingine kikiitwa merikani vilevile. Pembe ziliendelea kwenda huko: vijiji viwili vya Connecticut, Deep River na Ivoryton, viliishi kwa kuchonga meno ya tembo wetu kuwa vibao vya piano.

Haya, farasi. Seyyid alimpelekea Rais Martin Van Buren farasi wawili wa Kiarabu, lulu, upanga wenye dhahabu, zulia, shali za Kashmir na mafuta ya waridi. Kwa adabu za Maskati hiyo si hongo, ni salamu za mkubwa kwa mkubwa, na kuikataa ni kumtukana aliyetuma. Kwa sheria za Marekani kuipokea ni kosa. Katiba yao, katika ibara ya kwanza, inamkataza mwenye cheo cha serikali kupokea zawadi kutoka kwa mfalme au dola ya kigeni bila ruhusa ya Bunge. Waliokuja na sheria hiyo waliogopa mabalozi kuvikwa vito na wafalme wa Ulaya mpaka wakasahau wanamtumikia nani.

Van Buren alikuwa na sababu nyingine ambayo haimo katika katiba. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, uchumi umeanguka tangu 1837, na wapinzani wake wameamua kumchora kama mpenda anasa. Katikati ya Aprili 1840, wiki mbili tu kabla ya Sultana kutia nanga, mbunge Charles Ogle wa Pennsylvania alisimama bungeni siku tatu mfululizo akihesabu vyombo vya dhahabu na mapazia ya Ikulu. Fikiria basi, wiki mbili baadaye wanatokea farasi wa Kiarabu na kamba ya lulu kutoka kwa Sultani! Hata kama angekuwa na tamaa nao, asingethubutu.

Kwa hiyo alilipeleka jambo hilo Bungeni. Julai 1840 Bunge likaamua zawadi zipokewe kwa niaba ya taifa, zinazouzika ziuzwe, fedha ziingie hazina. Farasi wakapigwa mnada. Vito vikawekwa katika maonyesho ya Ofisi ya Hataza, yaani ofisi ya kusajili uvumbuzi, huko Washington, na mwaka 1848 wezi wakaviiba, vingi vikapatikana tena. Baadhi ya vitu hivyo vikaishia Smithsonian, makumbusho ya taifa lao. Mwaka 1839, mmoja kabla ya Sultana kufika, konsuli wao wa Tangier, Thomas Carr, alikuwa ameletewa simba dume na jike kutoka kwa mfalme wa Moroko. Alipojaribu kueleza habari za katiba, akaambiwa wanyama hao wataachwa barabarani mbele ya mlango wake. Akawapa chumba ndani ya ubalozi. Ukilinganisha, Van Buren alipata nafuu.

Hongo, kama tunataka kulitumia neno hilo kwa maana yake, inahitaji mtu aliyepokea na kitu alichotoa. Rais hakupata hata senti moja, na mkataba ulikwishatiwa saini miaka saba nyuma, zama za rais mwingine. Walichokifanya Wamarekani ni kuichukua Sultana, iliyofika imechakaa, wakaipeleka kwenye karakana ya jeshi la majini Brooklyn, wakaitengeneza kwa gharama ya serikali. Sasa rudi Masira, kwenye ile mizinga iliyozamiwa. Deni lililipwa hapo. Agosti 1840 Sultana ikaondoka, ndani yake mna zawadi za kumpelekea Seyyid, zikiwemo mashua ya starehe na silaha za Colt zinazofyatua mfululizo, ambazo wakati huo zilikuwa kitu kipya kabisa.

Kuhusu mji kupigwa mizinga, nitakwenda haraka. Zanzibar ilipigwa mwaka 1896, tarehe 27 Agosti, na waliopiga ni Waingereza, vita visivyomaliza saa moja. Marekani haikuhusika. Ila sauti yenu imenusa kitu. Mwaka 1851 manowari ya Kimarekani Dale ilikwenda kisiwa cha Nzwani, Komoro, na kukipiga mizinga, kwa sababu mtawala wa pale alikuwa amemfunga nahodha wa meli yao ya kuvua nyangumi. Desemba mwaka huohuo manowari nyingine, Susquehanna, ikatia nanga Unguja kwa vitisho. Ugomvi ulikuwa wa heshima: konsuli Charles Ward alikasirika kwamba bendera yake haikupigiwa saluti ya mizinga, akafunga virago. Huko Unguja mambo yakaisha kwa maneno. Wasiseme watu kwamba vitisho hivyo vilikuwa vya mdomo tu. Mwaka 1832 manowari Potomac ilishusha askari na kuchoma mji wa Kuala Batu, Sumatra, kulipiza kisasi cha meli ya pilipili manga ya Salem iliyovamiwa. Urafiki wa mkataba ulikuwa na mizinga nyuma yake, na Seyyid alilijua hilo.

Sasa babu yenu. Tuhesabu pamoja. Kijana wa miaka ishirini ndani ya Sultana mwaka 1840 alizaliwa karibu 1820. Wewe una mtoto wa kidato cha tatu, niseme ulizaliwa miaka ya themanini. Kati yenu ni miaka mia na sitini na kitu, vizazi vitano au zaidi. Baba yake babu ni vizazi vitatu tu. Wazee wanaozaa wakiwa na miaka sitini wapo, lakini kwa kila kizazi mfululizo ni vigumu. Yawezekana wazee wanafupisha orodha, jambo la kawaida sana katika masimulizi ya ukoo: majina mawili yanadondoka katikati na babu wa mbali anasogezwa karibu. Yawezekana pia alikuwa baharia kweli, ila wa chombo kingine na zama nyingine. Hata Sultana yenyewe ilisafiri tena, mwaka 1842, kwenda London na mjumbe wa Seyyid aitwaye Ali bin Nasir. Usiwaambie wazee kwamba wamedanganya. Waulize jina la baba yake huyo babu, na la baba wa huyo, na bibi zao walitoka wapi, uandike yote kama yanavyotoka, hata yakipingana.

Karatasi ndiyo itakayosema zaidi. Mtazame tai. Akiwa na vichwa viwili, si wa Marekani. Huyo ni wa Austria, yule anayeonekana kwenye reale za Maria Theresa, sarafu za fedha zilizotumika pwani yote. Akiwa na kichwa kimoja, ngao kifuani, tawi kwenye ukucha mmoja na mishale kwenye mwingine, huyo ni wa Marekani, na inaweza kuwa karatasi ya konsuli, au hata chapa ya kiwanda iliyokuja na jora la merikani. Akiwa na kichwa kimoja na taji inaelea juu yake, ni wa Mjerumani. Kwa familia ya Tanga mimi ningeweka dau langu hapo: stakabadhi ya kodi, hati ya shamba au karatasi ya forodha ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Isiwavunje moyo. Hati ya shamba ya zama za Mjerumani inaweza kuwa na faida kwa ukoo kuliko tiketi ya New York.

Laminesheni inaiua karatasi kuukuu: joto linaharibu wino, na plastiki ikishanata haibanduki bila kuondoka na maandishi. Msitumie solotepu wala pasi. Mikono iwe safi na mikavu, karatasi ilazwe bila kukunjwa ndani ya bahasha mpya nyeupe, mbali na jua na unyevu, na kama ilikwishakunjwa na mikunjo inapasuka, msiikunjue kwa nguvu. Pigeni picha pande zote mbili karibu na dirisha, bila kumulika na flashi.

Kuisoma kwenye simu kuna mwisho wake, nami siwezi kuithibitisha kwa picha. Ikiwa ni ya Kijerumani, ipelekeni Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako majalada ya Wajerumani yapo na wapo wanaoisoma ile hati yao ya mkono inayowashinda hata Wajerumani wa leo. Ikiwa ni ya Kiarabu au ina mhuri wa konsuli, vukeni mwende Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Ikiwa imepigwa na ukungu au inamomonyoka, nendeni mapema, mkaombe ushauri wa kuihifadhi kabla ya kuuliza historia yake. Na akitokea mtu wa kununua kabla hamjaionyesha kwa wataalamu, mwambieni haiuzwi, hata akitaja dola.

Mtoto aanze kuandika juu ya merikani, maana kitambaa hicho kinaweza kuwemo ndani ya kasha lilelile. Wewe igeuze karatasi leo jioni, uniandikie tai ana vichwa vingapi.